Mtambo unaougeuzia upepo ubavu

Upepo wa ziwani unashika ratiba kuliko matatu. Asubuhi Sori hukaa kimya na maji hulala. Kufikia saa nane mchana nchi kavu imeshachemka, hewa yake inapanda, na ziwa linaanza kupuliza kuja kuziba pengo. Saa tisa mabati yanagonga, nguo zinarushwa kambani, na wanawake walioanika omena wanaongeza mawe kwenye pembe za nyavu. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa upesi kuliko maji, upepo ukatoka barani ukaingia ziwani. Wavuvi wa tanga waliijua hesabu hiyo bila kufundishwa na mwalimu yeyote. Upepo wa usiku uliwapeleka, wa alasiri ukawarudisha na mbuta wao, bila tone la petroli.

Jumamosi moja nilikuwa nimeketi nyuma ya jikoni la dada yangu, hapo Sori, kwenye ghuba ya Karungu, kaunti ya Migori, nikiutazama mtambo wa upepo alioutengeneza mpwa wangu. Mapanga matatu ya mbao ya saiprasi, mkia wa plaiwudi uliopakwa rangi iliyobaki ya mlango, vyote juu ya bomba la maji lililoshikiliwa na nyaya nne. Ulikuwa ukizunguka kwa mlio wa chini, kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili. Ghafla likaja pepo moja la nguvu. Kichwa kizima kikageuka, uso ukaangalia pembeni, mkia ukajikunja na kuinuka, na mapanga yakapunguza mwendo. Nilisimama.

"Umeharibika."

"Haujaharibika, mjomba," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye waya wa shaba aliokuwa akiuzungusha. "Unajikinga. Upepo ukizidi, mtambo unaupa ubavu. Ukipungua, mkia unashuka kwa uzito wake wenyewe na mambo yanarudi."

"Nani anauambia?"

"Hakuna wa kuuambia. Ndivyo ulivyochomelewa."

Akanionyesha kwenye mtambo mwingine, uliolazwa juu ya mifuko ya saruji. Kichwa hakikai sawasawa na bomba. Kimesogezwa kando kidogo, kwa hiyo upepo unaposukuma mapanga unataka pia kukizungusha kichwa. Kinachouzuia ni mkia. Lakini bawaba ya mkia imewekwa mshazari, haikusimama wima, na ili mkia ujikunje ni lazima kwanza upande juu. Upepo wa kawaida hauna nguvu ya kuupandisha. Dhoruba inayo. Hakuna kompyuta, hakuna swichi, hakuna mlinzi. Kuna pembe ya bawaba na uzito wa ubao. Ubunifu huu ulienezwa duniani na Hugh Piggott, fundi wa kijiji cha Scoraig, Uskoti, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiandika maelekezo ya kujitengenezea mitambo ya namna hii kwa mbao, sumaku na vyuma chakavu. Mpwa wangu alijifunza kwa video za mtandaoni. Huzitazama akiwa ameziba nusu ya chini ya simu kwa kiganja, pale ambapo programu hukupendekezea video nyingine. Mwanzoni nilidhani ni jua linamsumbua.

Ana miaka 27 na jina lake halina kazi hapa. Baada ya diploma alikwenda Nairobi, akahangaika kama wanavyohangaika wote, kisha akaona tangazo: wanatafutwa vijana wanaojua Kiswahili na Dholuo, wawe na ujuzi wa kompyuta, wawe tayari kwa zamu ya usiku. Alidhani ni huduma kwa wateja. Alitia saini karatasi ya kutunza siri kabla hajajua siri yenyewe ni ipi. Kampuni siitaji, na wala si mojawapo ya zile nitakazozitaja hapa chini. Alikaa miezi kumi na minne akitazama kile ambacho watu wengine wamekipakia kwenye mitandao, na kuamua kama kibaki au kiondoke. Dada yangu alijua tu kwamba mwanawe "anafanya kazi ya kompyuta", na alilisema hilo kanisani kwa fahari.

Kuhusu kazi yenyewe ameniambia mambo matatu tu, na sikumbani kwa zaidi. La kwanza ni saa iliyokuwa juu ya skrini, ikihesabu sekunde alizotumia kwa kila video. La pili ni kwamba ukimaliza moja hujamaliza: inayofuata tayari imeanza kucheza. La tatu alilisema usiku, tukiwa tumezima taa. "Lugha nyingine, mjomba, unaweza kujilazimisha uisikie kama kelele tu. Dholuo haikubali. Mtu akilia kwa Dholuo analia na wewe."

Alirudi nyumbani mwaka juzi bila kuaga mtu. Bibi yake akasema ni *parruok* tu, mawazo, yatapita akila vizuri. Hakuwa amekosea sana, ila alikuwa na neno dogo kwa jambo kubwa.

Neno kubwa lilisomwa mahakamani. Mwaka 2019 kampuni ya Sama, ambayo ilikuwa na ofisi Nairobi na sifa njema ya kuwapa vijana maskini kazi za kompyuta, ilianza kuchuja maudhui ya Facebook kwa nchi nyingi za Afrika. Waliajiriwa vijana wa Kenya, Ethiopia, Somalia, Afrika Kusini, Uganda na kwingineko, kila mmoja kwa lugha yake. Mmoja wao alikuwa Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini. Mwaka huohuo alijaribu kuwaunganisha wenzake wadai mishahara na matunzo bora, akafukuzwa. Februari 2022 jarida la TIME la Marekani lilichapisha habari yake. Wasomaji wakajua kwamba baadhi ya wachujaji hao walilipwa kama dola 1.50 kwa saa, na kwamba walitarajiwa kuamua hatima ya video kwa wastani wa sekunde 50. Mei mwaka huo Motaung aliishtaki Sama pamoja na Meta, kampuni mama ya Facebook, katika mahakama ya ajira jijini Nairobi, akiwakilishwa na wakili Mercy Mutemi.

Meta ilijibu kama zinavyojibu kampuni kubwa: sisi si watu wa hapa. Hatuna ofisi Kenya, hatufanyi biashara Kenya, na hao hatukuwaajiri sisi. Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri alikataa hoja hiyo. Wakati huo Sama ilikuwa imeshatangaza kuacha kazi ya kuchuja maudhui na kuwaachisha kazi watu wapatao 260. Machi wachujaji wakafungua kesi yao, na baadaye idadi yao ikafika 185. Tarehe 2 Juni Jaji Byram Ongaya alitoa amri ya muda ambayo naiona kuwa kiini cha mambo yote haya. Alisema Meta ndiyo mwajiri mkuu, na Sama ni wakala tu. Akaagiza pia wachujaji wapewe matibabu ya mwili na ya akili. Meta ilikata rufaa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema kesi iendelee hapahapa Kenya.

Desemba 2024 ikawasilishwa ripoti ya daktari. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, aliwapima wachujaji waliojitolea miongoni mwa wale 185. Zaidi ya 140 walikutwa na maradhi ya kiwewe, yale ambayo zamani tulidhani ni ya askari waliotoka vitani, na wengi wao kwa kiwango kikali. Ndoa zimevunjika, watu hawalali, wengine wanaogopa hata vitu vyenye matundu madogomadogo kwa sababu ya picha waliyoiona kazini.

Hapo kwenye matundu ndipo nilipoacha kusoma. Ni kwamba Jumamosi hiyohiyo asubuhi mimi na mpwa wangu tulikuwa tumeteremka ufukweni kununua samaki. Kuna banda pale ambapo mbuta hupasuliwa: minofu inakwenda kwa wenye magari ya barafu, na mifupa yenye kichwa na mkia, *mgongo wazi* kama tunavyoiita, inakaangwa na kuuzwa kwa wasioweza bei ya minofu. Ni njia fupi ya kufika kwa dada anayetuuzia ngege. Kijana aliyekulia ufukweni, aliyejua kupasua samaki kabla hajajua kusoma, aliiacha njia hiyo, akazunguka nyuma ya kanisa, akapita kwenye matope, akanikuta upande wa pili viatu vimejaa tope. Hakusema kitu. Mama muuza ngege naye hakusema kitu. Alichukua samaki wetu, akawageuzia upande wake ili awatoe matumbo, na mgongo wake ukatuziba tusione. Nadhani amekuwa akifanya hivyo kila Jumamosi.

Facebook si mwisho wa habari. Mwishoni mwa 2021 OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, waliingia mkataba na Sama. Ili programu ijifunze kutosema mambo machafu, lazima mtu ayasome mambo machafu na kuyapachika lebo, kifungu kwa kifungu. TIME iliandika Januari 2023 kwamba wafanyakazi wa Nairobi walipeleka nyumbani kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, wakati mkataba ulikuwa wa dola 12.50 kwa saa kwa kampuni. Kazi ilikatizwa miezi minane kabla ya wakati, Februari 2022. Kila anayeiuliza akili unde leo ikamjibu kwa adabu, kuna mtu aliyekaa Nairobi akasoma kinyume cha adabu hiyo. Video za mtambo wa Piggott nazo, zinazomfundisha mpwa wangu kuchonga panga, zimekaa kwenye mtandao ambao mtu fulani, kwa lugha fulani, anausafisha usiku huu.

Mtambo, basi, unafanyaje kazi? Niliuliza kwa udadisi, nikapewa darasa la saa mbili. Moyo wake ni kitovu cha gurudumu la matatu iliyokufa, kilichotolewa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mjini Migori, na beringi zake bado nzuri. Kwenye kitovu kimefungwa sahani mbili za chuma, na juu ya kila sahani kuna sumaku nane, zile ndogo zenye nguvu ya kukukata kidole zikishikana. Katikati ya sahani kuna duara gumu la resini, ile wanayotumia mafundi wa mashua za fibaglasi, na ndani yake mabunda sita ya waya wa shaba. Sumaku zinapopita mbele ya waya, umeme unazaliwa. Kila bunda lina mizunguko themanini, na huhesabiwa kwa mkono. Ukimsemesha katikati, anaanza upya. Nilijifunza hilo kwa njia mbaya, mara mbili.

"Hesabu ndiyo naipenda," alisema. "Sitini na tatu ni sitini na tatu. Haina sura."

Upepo una hesabu ya ajabu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu haiongezeki mara mbili bali mara nane. Mtambo wa dada yangu, wenye upana wa kama mita 1.8 kutoka ncha hadi ncha, kwenye upepo wa mita nne kwa sekunde unatoa kama wati 20: simu mbili na balbu. Upepo ukifika mita nane kwa sekunde, unatoa kama wati 160. Ndiyo maana wa Loiyangalani wanajenga na sisi tunachezea. Kule kwao, kaunti ya Marsabit, upepo hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ukatoka kama maji kwenye mdomo wa mpira. Mitambo 365 imesimama huko, jumla ya megawati 310, na yote ni ya kuagizwa.

Ziwani kwetu upepo ni wa wastani, na una kasoro ambayo wapenzi wake hawapendi kuisema: unakuja saa tisa, wakati jua bado liko. Mtu mwenye akili ananunua sola. Wako waliojaribu kabla ya mpwa wangu. Mnamo 2012 huko Kisumu, kampuni changa ya access:energy ilikuwa ikiwafunza mafundi wa jua kali kuunda mtambo uliopewa jina la ndege, Night Heron, kwa vyuma chakavu na vipuri vya magari. Vyombo vya habari vya dunia viliandika. Baadaye kampuni ikageuka kuwa SteamaCo na kuhamia kwenye sola na mita za kulipia kwa simu. Siwalaumu. Paneli haina beringi ya kupaka grisi. Mbita nako, kaunti ya Homa Bay, OSRAM ilifungua mwaka 2008 kituo cha kuchaji taa kwa jua, ili wavuvi wa omena wakodishe taa badala ya kuchoma mafuta ya taa kwenye karabai usiku kucha. Mradi uliitwa Umeme kwa Wote. Nao ulianzia kwenye jua.

Nilimwambia hayo. Alicheka. Ana paneli pia, iko juu ya paa. "Paneli ni ya stima," alisema. "Huu ni wa mimi."

Basi Jumapili tukaingia barabara ya Magunga na Sindo hadi Mbita kutafuta betri kuukuu. Muuzaji alitaka pesa nyingi kwa betri iliyovimba ubavu, tukaiacha. Tukakaa kando ya daraja linalokwenda Rusinga tukila mandazi. Ng'ambo ile, Kasawanga, amezikwa mwanasiasa Tom Mboya. Watu humkumbuka kwa ndege zilizowapeleka wanafunzi Marekani na kwa risasi iliyomuua Julai 1969, lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa mkaguzi wa usafi wa baraza la jiji la Nairobi. Alizunguka kukagua vyoo, maduka ya nyama na mitaro, yaani uchafu ambao jiji halikutaka kuuona. Kutoka kwa wenzake wa baraza hilo akaunda chama cha wafanyakazi, na kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi nchini, akiwa na umri wa miaka 23.

Nilimkumbusha mpwa wangu kwamba tarehe 1 Mei 2023, siku ya wafanyakazi, wachujaji zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao cha Afrika. Walikuwa wamechuja maudhui ya Facebook, TikTok na ChatGPT. Wakaguzi wa usafi wa karne hii, nikasema, nikijiona nimesema jambo.

"Mboya alikuwa anaandika ripoti, mtaro unazibuliwa," alijibu. "Sisi mtaro ulikuwa unazibuliwa kupitia kwetu."

Sikuwa na la kuongeza.

Tukiwa njiani kurudi ndipo nilipomweleza kuhusu tumbusi. Kuna shamba la upepo linaloitwa Kipeto, kaunti ya Kajiado, mitambo 60, megawati 100, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2021. Si mbali na hapo kuna majabali wanakozaliana tumbusi wa aina ya Rüppell, ndege walio hatarini kutoweka. Panga la mtambo likimpiga tumbusi, amekwisha. Kwa hiyo kumewekwa watu wa kutazama mbingu kwa darubini. Tumbusi akikaribia, mtazamaji anaita, na mtambo unasimamishwa. Umeme unapotea, pesa inapotea, ndege anapita. Wakopeshaji walilitaka hilo, wanamazingira walilisimamia, na likaandikwa kwenye mpango kabla panga halijazunguka. Nina furaha kwa ajili ya tumbusi, sisemi kwa kejeli. Ninachosema ni kwamba Kenya hii hii imeshajua jinsi ya kusimamisha mtambo wa mamilioni ili kiumbe kimoja kisiumie, na mlaji mizoga amemtangulia kijana wa Karungu kwenye foleni hiyo.

Wala nisiupambe upepo. Wenyeji wa Marsabit walikwenda mahakamani juu ya ardhi ya mradi wa Loiyangalani, na Oktoba 2021 mahakama ya ardhi iliyokaa Meru ilisema hati za ekari 150,000 hazikupatikana kwa njia halali. Mitambo yenyewe ilimaliza kusimamishwa 2017, ikakaa bila kazi hadi Septemba 2018 ikisubiri laini ya zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa, na nguzo zikapita juu ya manyatta yasiyo na balbu. Kinangop mradi wa megawati 60 ulikufa kabisa mwaka 2016 baada ya wakulima kukataa. Upepo ni safi. Mikataba ndiyo ina vumbi.

Ila kwa suala la dhoruba, wahandisi wa upepo hawana mzaha. Mitambo ya Loiyangalani hujikinga kwa njia tofauti na ule wa Sori: kila panga linaweza kujizungusha kwenye shina lake na kuukata upepo kwa ukingo wake badala ya kuupokea kwa kifua, na upepo ukifika mita 25 kwa sekunde, kazi inasimama. Hakuna mhandisi anayesema mtambo huu ni shupavu, utavumilia. Hakuna anayeuandalia mtambo kikao cha ushauri nasaha kila wiki kisha akaurudisha palepale. Wanajua upepo mkali utakuja. Kinga wanaiweka kwenye chuma.

Kinga ya mchujaji ingekuwaje? Si siri. Picha inaweza kuondolewa rangi. Inaweza kutiwa ukungu hadi mtazamaji mwenyewe atake kuona. Sauti inaweza kuzimwa, na kwa aliyesikia Dholuo, hilo pekee lingekuwa nusu ya mshahara. Saa za kutazama zinaweza kuwekewa kikomo na saa zilizobaki zikafanya kazi nyingine. Daktari anaweza kuwa si mwajiriwa wa kampuni inayohesabu sekunde. Mambo haya yanajulikana kwenye biashara hiyo, na mahali fulani yanatumika. Tatizo ni kwamba mara nyingi huwa ni hisani ya msimamizi: ukifikisha idadi yako, pumzika. Mkia wa mtambo wa Sori haumuombi mtu ruhusa. Ungekuwa unaomba, ungekuwa umeshavunjika tangu mvua za Aprili.

Na kazi hizi zinakuja, wala hazitabaki Nairobi. Mpango wa serikali wa Ajira Digital umekuwepo tangu 2016, maeneobunge yana vituo vya kompyuta, na kila mwanasiasa anayepita Homa Bay au Migori anawaahidi vijana kazi za mtandaoni. Sipingi. Kijana wa Nyatike akichagua kati ya skrini na shimo la dhahabu la Macalder, ambalo kuta zake huporomoka, ningemwelekeza kwenye skrini. Lakini mwaka 2024 kulikuwa na mswada Seneti wa kurekebisha sheria za biashara, wenye kifungu ambacho kingeikinga kampuni ya ng'ambo isishtakiwe na wafanyakazi wa wakala wake wa hapa. Yaani tafsiri ya Jaji Ongaya, kwamba mwenye kazi ni mwajiri, ingefungiwa mlango. Hoja ya serikali ni kwamba wawekezaji wanaogopa kesi. Wakopeshaji wa Kipeto nao waliogopa, wakaogopa jambo la maana zaidi, wakaweka watazamaji wa tumbusi.

Jioni dada yangu alipika ngege kwa nazi ya pakiti, mapishi aliyoyatoa Mombasa na ambayo Sori nzima inamcheka nayo. Samaki waliletwa mezani wakiwa wamefunikwa na mchuzi hadi machoni. Mpwa wangu alikula wawili.

Upepo wa nchi kavu ulianza kama saa tatu usiku, mwepesi, ukitoka upande wa barabara. Kule majini taa za omena zilikuwa zimeshawashwa, msururu wa nukta nyeupe ambao mgeni angeweza kudhani ni mji. Mtambo ukaanza kupepeta mchele wake.

"Zima hiyo kitu," dada yangu aliita kutoka chumbani. "Mtu hawezi kulala."

Mpwa wangu akatoka na tochi ya simu, akafungua kisanduku ukutani, akaziunganisha nyaya tatu za mtambo zenyewe kwa zenyewe. Mapanga yakapungua hadi nikaweza kuyahesabu. Hayakusimama kabisa; yalikuwa yakijivuta, moja, la pili, la tatu, kama mtu anayetembea kwenye matope. Umeme unaporudishwa kwenye waya zake wenyewe, alieleza, unageuka kuwa breki.

"Mama anapenda kimya," alisema. "Mimi kimya ndicho siwezi."

Tukaingia. Nilikuwa nimesinzia niliposikia mlango wa nyuma ukifunguliwa taratibu, kisha kifuniko cha kile kisanduku. Dada yangu alikuwa anakoroma. Kule nje mapanga yakashika mwendo tena, polepole, na baada ya muda kitanda cha upande wa pili kikaacha kulia.